Sura za Buluu na Programu ya Bure

3 Machi

Kwako mpwa wangu Kidole,

Habari za huko? Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula kwa wakati na hujakonda zaidi ya ulivyokonda Desemba. Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo mzima kabisa, na hapa amenisimamia begani kuhakikisha nimeandika kwamba anakusalimu sana.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya salamu na misiba. Mambo ya kazi huandikwa yakawekwa kwenye faili, ili mtu akikana kesho umtolee karatasi.

Nina tatizo la kazi. Unajua kila mwaka nawapiga picha wahitimu wa chuo cha wauguzi, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Safari hii walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Nikawapiga siku tatu, nikazihariri kwa ile programu ya bure uliyoniwekea mwenyewe ulipokuwa bado hapa studio, nikachapa, nikapeleka. Haikupita wiki mkuu wa chuo akaniita. Yule mama hana maneno mengi. Alizipanga mezani, akavua miwani, akasema, "Fundi, hawa ni wauguzi wangu au wagonjwa wangu? Mbona wote wana ubuluu kama wametolewa kwenye friji?"

Kidole, nilizitazama zile picha mpaka shingo ikauma. Sikuona ubuluu wowote. Nikadhani ananitania. Lakini kabla yake kuna bwana harusi aliyelalamika hivyohivyo, na kabla ya huyo kuna mama wa picha za pasipoti. Watu watatu wasiojuana hawawezi kukaa kikao kunionea mimi. Kwa hiyo nimekata shauri kwamba kosa ni la programu. Mimi naiweka rangi sawasawa, yenyewe inaigeuza wakati wa kuitoa picha. Kitu ambacho hakuna mtu anayelipwa kukiangalia, utakitegemea vipi?

Mkuu wa chuo amenipa mpaka mwisho wa Aprili nilete nyingine. Zikirudi buluu, kazi ya mwakani na ya miaka yote ijayo anampa yule wa studio mpya ya barabara ya juu. Alinitamkia hivyo usoni, bila hata kupunguza sauti. Nikikosa chuo, Kidole, nabaki na pasipoti.

Sasa wewe uko kwenye kampuni kubwa ya picha na mnatumia programu ile ya kulipia. Niinunue? Nasikia unalipa kila mwezi mpaka ufe, kama kodi ya nyumba. Lakini ukisema ndiyo, nalipa. Kwenye mashine nakuamini wewe, kwenye rangi najiamini mimi.

Jambo jingine dogo. Ukuta mweupe wa studio umechakaa, umekuwa wa manjano. Nitamwita mpaka rangi aje aupake upya.

Ni mimi,
Mjomba

12 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na mkaza mjomba naye shikamoo yake, mwambie goti aliandae nikija nimkande. Mimi huku niko vizuri kabisa, kazi tele, usinifikirie.

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye kiti cha ofisini na nimecheka mpaka jirani yangu akageuka. Wauguzi wa kwenye friji! Lakini baada ya kucheka nimejilaumu. Programu ile nilikuwekea mimi, miaka mitatu iliyopita, nikiwa sijui lolote zaidi ya kwamba haina malipo. Iache. Nunua ya kulipia, na wala usiwaze mara mbili. Hapa kwetu tunahariri nyuso mia sita kwa siku, na sijawahi kumwona hata mmoja aliyekuwa buluu. Rangi za ngozi zimepangwa tayari, na ikiharibika kuna watu wa kuwapigia kelele.

Usihofu kuhusu kazi uliyokwisha kufanya. Wewe unapiga picha mbichi, sivyo? Picha mbichi ni kama negativu zako za zamani. Programu haiigusi kabisa. Inaandika tu pembeni yake, kwenye kifaili kidogo: ongeza mwanga hivi, rangi iwe hivi. Ni kama wewe ulivyokuwa ukiandika juu ya bahasha za negativu, "uso mwanga sekunde nane, shati kumi na mbili." Bahasha ikichanika, negativu ipo palepale. Kwa hiyo wauguzi wako wote mia mbili na kumi na wawili wapo, wazima, hawana buluu wala manjano, wanakungoja.

Nimekutumia maelekezo kwenye karatasi ya pili. Mwezi wa kwanza ni wa majaribio, hulipi kitu. Hariri sura ishirini, mpelekee mama mkuu, uone atakavyotabasamu. Ikishindikana, ambayo haitashindikana, nitumie folda zako zote za tangu mwaka jana kwenye flashi, pamoja na vile vifaili vya pembeni.

Na usipake ukuta kabla ya kumaliza kazi ya chuo. Harufu ya rangi itakuumiza kichwa.

Mpwa wako yuleyule aliyeziba lenzi kwa kidole kwenye picha yake ya kwanza,
Kidole

29 Machi

Kwako Kidole,

Marahaba, na habari za kazi tele? Sisi wazima. Goti limepata nafuu. Mimi ndiye sina nafuu.

Hiyo programu yako ya kifalme nimeiweka. Siku ya kwanza iliniuliza neno la siri. Siku ya pili ikaniuliza tena kama hatujawahi kuonana. Siku ya tatu mtandao ulikatika, ikanigomea kwenye kompyuta yangu mwenyewe, ndani ya studio yangu mwenyewe. Nakiri ni nzuri. Ina mambo mengi, inakwenda upesi, na vitufe vyake vinapendeza. Nikahariri sura ishirini kwa utulivu, kila rangi nimeiweka kwa mkono wangu. Zile rangi zake zilizopangwa tayari nilizizima. Mashine haitanifundisha ngozi ya mtu ikoje.

Nikampelekea mama mkuu. Unajua alisemaje? "Fundi, hizi zimezidi."

Nilirudi kwa miguu ili hasira ipungue njiani, nikafika nayo nyumbani nzima. Nikamwonyesha mkaza mjomba wako. Akazitazama, akanitazama mimi, akasema, "Ni buluu, baba." Hata yeye. Nikamwambia yeye ni mtu wa cherehani, rangi aniachie. Akarudi kwenye cherehani yake, na unamjua, ikilia kwa kasi ujue bado anazungumza.

Sasa nafikiria kununua skrini mpya. Au ni mashine ya kuchapia. Hata mpaka rangi amenichosha. Alikuja, akausugua ukuta kwa kidole, akaniuliza, "Mzee, nipake rangi gani?" Nikamwambia nyeupe. Akauangalia ukuta, akaniangalia, akasema ana kazi sehemu nyingine, atapita wiki ijayo. Siku hizi hata mafundi hawataki kazi.

Flashi hiyo ndani ya bahasha. Kila kitu kimo, kuanzia Januari ya mwaka jana. Vile vifaili vya pembeni nilikuwa karibu kuvifuta, nikidhani ni uchafu wa kompyuta. Tazama mwenyewe, uniambie nani ananiibia rangi. Umebaki mwezi mmoja tu, Kidole.

Mjomba

6 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuombea uzima kwa moyo wote, na leo salamu zangu zitakuwa fupi, unisamehe.

Flashi nimeipata. Nilianza na sura za wauguzi, nikaona ubuluu, ndiyo, upo, na upo kwenye programu zote mbili. Hapo nikajua nimekudanganya kwa kujiamini kwangu. Programu ya bure haikukosea chochote. Ya kulipia nayo haikukosea. Nikahamia kwenye vifaili vya pembeni. Vya hiyo ya bure ni maandishi ya kawaida, unavifungua na kusoma kama barua. Nikavisoma vyote, mwezi baada ya mwezi, natafuta mstari mmoja tu, ule wa namba ya rangi. Namba ikishuka, picha inakwenda kwenye buluu.

Januari mwaka jana uliiweka 5200. Juni, 5000. Septemba, 4700. Desemba, 4400. Wauguzi, 4000. Wale ishirini wa kwenye programu mpya hawana kifaili cha kusomeka, ila kwa kulinganisha rangi ni kama 3900.

Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba taa za studio hazisogezwi. Umezibandikia utepe sakafuni kabla sijazaliwa. Mtu akisogeza mguu wa taa hata nusu hatua unajua ukiwa mlangoni. Balbu ni zilezile, kitambaa ni kilekile, ukuta ni uleule. Studio nyingine yoyote ningesema taa zimebadilika. Kwako haiwezekani. Chumba kisichobadilika kinatakiwa kuwa na namba isiyobadilika. Nikachukua mbichi ya muuguzi mmoja, nikaweka 5200, na kofia yake ikawa nyeupe pepepe.

Si programu, si skrini, na si ukuta. Mpaka rangi hakukukimbia, hakuona cha kupaka. Kilichobadilika ni macho yako. Unaona kila kitu kina umanjano, basi unaupunguza, na sisi wengine tunabaki na buluu.

Najua maneno haya yanakufikaje. Mtu mwingine angeniambia hivi juu yako ningemfukuza. Lakini nakuomba ufanye jambo moja. Kaa kwenye kile kigoda cha wateja, utazame ukuta. Ziba jicho la kulia. Kisha ziba la kushoto. Ukuta ukiwa na rangi mbili, nenda hospitali ya macho. Kama una rangi moja, nitukane kwa barua ndefu na nitaitunza kwenye faili.

Picha yangu ya Desemba nimeiona kwenye orodha, namba yake 4400. Sikuifungua.

Nakupenda, na ninaogopa kuiposti barua hii.
Kidole

21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Je, mko wazima? Nauliza kwa sababu sijui.

Nimepiga simu mara nne. Mkaza mjomba anasema uko kazini. Jumapili pia uko kazini. Sikulazimishi kuongea nami. Ila mwisho wa Aprili haungoji tumalizane, kwa hiyo nimefanya jambo bila ruhusa yako.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi yako. Wauguzi wote mia mbili na kumi na wawili nimewarudishia namba ya 5200, hiyo tu. Mwanga ni wako, vivuli ni vyako, na kingo za picha ni ulivyozikata wewe. Nimetumia programu ya bure, ileile. Ukitaka, zichape umpelekee mama mkuu. Ukikasirika, zitupe, mbichi bado unazo.

Mimi huku niko vizuri.
Kidole

2 Mei

Kwako mpwa wangu Kidole,

Marahaba mara zote nilizokuwa sijaitikia. Tuko wazima, na barua zako zote mbili nimezipata.

Ile ya kwanza niliisoma nimesimama, nikaitia kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo. Siku tisa nilikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nikifagia nakutukana, nikinyoa ndevu nakutukana. Kidole mdogo huyu, nimemfundisha kushika kamera, leo ananisomea namba zangu mwenyewe! Siku ya kumi asubuhi sikuwa na mteja. Nikakaa kwenye kigoda. Nikaziba la kulia, ukuta ukawa kama chai ya maziwa. Nikaziba la kushoto, ukawa kama maziwa yenye chai kidogo. Nikarudia mara sita, maana mtu anaweza kukosea.

Niliogopa, Kidole. Sitakuficha. Miaka arobaini na moja nimekula kwa macho haya. Nilikaa pale mpaka mteja akaingia, akaniuliza kama naumwa, nikamwambia namngoja yeye.

Nikamweleza mkaza mjomba wako. Kumbe alijua tangu siku nilipomgombeza kwamba amefua shuka nyeupe pamoja na kitu cha rangi. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Nilisema. Ukaniambia mimi ni mtu wa cherehani."

Flashi yako ilipofika sikuona tofauti kubwa, ila nilichapa hivyohivyo kwa kukuamini, na hilo lilinigharimu kuliko karatasi. Tarehe ishirini na tisa nikazipeleka. Mama mkuu akazipanga mezani, akachukua moja, akaisogeza dirishani, akasema, "Hawa sasa ndio wangu." Ningeweza kuondoka na sifa zangu. Lakini nikaona niseme, kwa kuwa mwakani nitarudi na macho yaleyale. Nikamweleza kila kitu, mpaka kigoda. Yule mama hakusema pole. Alinishika kidevu kama mtoto, akaniangalia macho kwenye mwanga, akanyanyua simu hapohapo akampigia daktari aliyesoma naye. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limetangulia. Wanalipasua tarehe kumi na sita Mei, la kulia Juni. Na kazi ya mwakani ni yangu, ameiandika kwenye karatasi bila mimi kuomba.

Ile programu ya kulipia nimeiaga kabla mwezi wa majaribio haujaisha. Nilichokuwa nimetenga kwa ajili yake kinakwenda kwenye jicho.

Mjomba wako, mwenye hofu kidogo tu

10 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na asante. Barua yako nimeisoma chooni ofisini ili watu wasinione.

Sasa masharti, na haya yako kwa maandishi usije ukayakana. Usiinue kitu kizito. Usisugue jicho. Usiguse picha hata moja mpaka daktari akuruhusu, na mkaza mjomba ndiye atakayekaa na ufunguo wa studio. Ukimsumbua, ameshaniahidi atanipigia simu, na simu yenyewe haitakuwa ya salamu.

Mimi nitaendelea na ya kulipia hapa kazini kwa sababu kazi yote ya bosi imo humo. Nyumbani kwangu nimeweka ya bure. Mambo mengine huku ni mazuri tu, usinifikirie.

Kidole wako

20 Julai

Kwako mpwa wangu Kidole,

Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima kupita kiasi. Mkaza mjomba wako hajambo, na ana habari mbaya kwamba sasa namwona vizuri.

Walipofungua bandeji ya kwanza kila kitu kilikuwa na ubuluu, nikasema wauguzi wamelipiza kisasi. Daktari akacheka, akasema utaisha, na kweli ukaisha. Siku niliyorudi nyumbani nilimtazama mke wangu upya. Mvi zake ni nyeupe, Kidole. Nilidhani zina rangi ya majani makavu, kumbe nyeupe safi, na zimempendeza. Nikamwambia hivyo. Akaniambia nirudi hospitali, wamenipa na homa.

Ukuta ni mweupe. Nimempigia mpaka rangi nikamwomba radhi. Akasema alidhani nimeanza kuchanganyikiwa, akaona aibu kuchukua kazi kwa mzee wa namna hiyo. Nimempiga picha ya familia yake, na watu wote wametoka na ngozi zao.

Kuhusu programu, nimeamua na siulizi tena. Nabaki na ya bure. Si kwa sababu ya malipo. Nabaki nayo kwa kuwa inaandika pembeni maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma, kama bahasha zangu. Kama namba zangu zingefungiwa ndani ya tumbo la mashine usingeziona, na leo ningekuwa nimenunua skrini tatu. Na nimenunua kadi ya kijivu ya kupimia rangi, ile niliyokuwa nikisema ni ya wasiojua kazi. Kila asubuhi naipiga picha kabla ya mteja wa kwanza, kisha naandika namba ukutani kwa penseli. Mpaka leo ni 5200.

Wiki hii nimekuwa nikizifungua picha zote mbichi za tangu Juni ya mwaka jana, moja moja, nazirudisha. Bwana harusi nimemchapia upya na kumpelekea nyumbani. Jana nikafika kwenye ya kwako.

Ni ile ya Desemba, siku ya mwisho ya likizo yako, mkoba uko miguuni. Niliitundika dirishani, na miezi saba nimeipita kila siku nikisema huyu hapa mpwa wangu, anaondoka na furaha yake. Ulisema una furaha. Ulisema hukulala vizuri kwa sababu ya kufunga mizigo. Nikaiweka 5200, nikasogeza kiti karibu na skrini.

Macho yako yalikuwa mekundu, Kidole. Mekundu na kope zimevimba, na puani umepaka poda kuficha. Ulikuwa umelia, tena kwa muda mrefu, kisha ukanawa, ukaja kukaa kwenye kigoda changu ukatabasamu. Nilisimama hatua tatu mbele yako na sikuona. Ningekuwa na macho nisingekuacha upande gari bila kukuuliza.

Barua zako zote ziko kwenye faili. Nimezitoa nikazisoma upya. "Niko vizuri" umeiandika katika kila moja isipokuwa mbili. Moja ni ile uliyoniandikia kuhusu macho yangu, nadhani siku hiyo ulisahau. Nyingine ni ile ya Mei, na siku hiyo uliisoma barua yangu chooni.

Sasa nauliza, nimechelewa miezi saba lakini nauliza. Ulikuwa unalia nini? Usinijibu kwa kifupi. Kama ni kazi hiyo ya nyuso mia sita kwa siku, studio ina kompyuta moja na programu isiyodai chochote kwa mtu, na kiti cha pili bado kipo mahali pake, utepe wake sakafuni haujabanduka. Kama ni jambo jingine, andika hilo jingine. Na kama ni jambo la kuongea, basi piga simu. Nimebadilisha sheria.

Picha mpya nimeitundika dirishani badala ya ile. Mkaza mjomba wako aliona, akasema iondolewe, mtoto anaonekana amelia. Nimekataa. Ndiyo mara ya kwanza nakuona.

Mjomba wako